Udongo wako huu, mwanangu

Miaka mitatu iliyopita baba alinipa kazi ya kusimamia usafishaji wa kiwanja chetu Morogoro, kwenye mteremko chini ya milima ya Uluguru. Nikatafuta vijana wanne. Tukafyeka, tukang'oa visiki, tukachoma. Siku nne tu, kiwanja cheupe! Nikapiga picha nikamtumia.

Mvua ya kwanza ya vuli ikashusha tope jekundu hadi barazani kwa jirani. Yule mama hakunigombeza. Alinipa koleo tu, akasema, "Udongo wako huu, mwanangu."

Nilikosea wapi? Tone kubwa la mvua hutua kwa kasi ya kama mita 9 kwa sekunde. Likikuta majani, nguvu yake inaishia hapo. Likikuta udongo mtupu linautawanya, chembe ndogo zinaziba vitundu vya juu, na maji yakikosa pa kuingia yanateremka. Kwenye mteremko, hayaendi peke yake.

Moto nao una mambo yake. Wazee wanasema majivu ni mbolea, na hawajakosea: yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi. Lakini naitrojeni iliyo kwenye majani huanza kupotea hewani joto likifika nyuzi 200 hivi, na hayo majivu yenyewe ni mepesi, mvua ya kwanza inayabeba. Yaani mbolea yangu niliiacha barazani kwa mtu.

Visiki ndivyo vinavyoniuma zaidi, maana nililipa hela ving'olewe. Mti ukikatwa, mizizi haiozi siku hiyo hiyo. Inaendelea kushika udongo kwa miaka kadhaa, muda wa kutosha kupanda kitu kingine.

Mwaka huu tulikuwa na sehemu ya juu. Tukaanza na bikoni, tujue mpaka uko wapi kabla panga halijagusa kitu. Tukafyeka vipande vipande, nyasi tukazilaza palepale zifunike udongo, visiki tukaviacha isipokuwa pale msingi utakapopita. Upande wa chini tukabakiza ukanda wa nyasi, tukaongezea mabingobingo: maji yakifika hapo yanapunguza mwendo na kutua mzigo.

Kazi imechukua wiki mbili, na vijana wanalipwa kwa siku, kwa hiyo gharama imepanda. Baraza la jirani ni safi mpaka leo. Baba bado anapiga simu kuuliza kwa nini kiwanja kinaonekana kichafu.