Miezi Tisa Ikiangukia Kilimo

Mtoto akizaliwa Machi katika kijiji cha wilaya ya Bahi au Chamwino, mkoani Dodoma, chanjo ya BCG na matone ya polio huyapata mapema, hasa akizaliwa zahanati. Sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinaangukia kati ya Aprili na Julai, majira ya mavuno. Miezi 9, umri wa chanjo ya surua na rubela, inatimia Desemba, mvua zinapoanza kushika. Uwanda wa kati una msimu mmoja tu wa mvua, nao ukifika Aprili unaelekea ukingoni. Mama aliyeacha kupanda siku mbili kwa ajili ya kliniki anaweza kuzijutia hadi mavuno ya mwaka unaofuata.

Kwa nini basi chanjo isitolewe mapema zaidi? Mtoto huzaliwa na kinga aliyopewa na mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado na nguvu huidhoofisha chanjo ya surua. Ndiyo maana ratiba husubiri miezi 9, kisha dozi ya pili hutolewa miezi 18. Katika muda huo mrefu baada ya wiki ya 14, baadhi ya watoto hupotea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 75 ya watoto wa miezi 12 hadi 23 wamepata chanjo zote za msingi, ingawa karibu wote walikuwa wameanza.

Kwa hiyo sikubali kwamba wazazi hawa wanaikataa chanjo. Wameshaipokea mara kadhaa. Kinachowakwamisha kiko nyumbani na njiani. Chanjo hailipiwi, bodaboda inalipiwa, na fedha yake mara nyingi iko mfukoni mwa baba, ambaye hakuwepo nesi alipoeleza tarehe ya kurudi. Mtoto akipata homa usiku baada ya sindano ya pentavalenti, mojawapo ya zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, bibi yake husema alipelekwa mzima akarudi mgonjwa. Homa hiyo ni mwili kuitikia chanjo, lakini neno la nesi lisipofika kabla ya homa, la bibi ndilo litakalobaki. Na yupo mama aliyejifungulia nyumbani, au ambaye kadi yake imeloa nyumba ya tembe ilipovuja, anayekaa mbali kwa kuogopa kusemwa mbele ya wenzake. Hofu hiyo inaniuma kuliko vikwazo vyote, kwa sababu kuiondoa hakuhitaji hata shilingi.

Zahanati nayo ina kikwazo chake. Kichupa cha chanjo ya surua kina dozi 10, na kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kimwagwe. Zahanati ikitaka kuokoa dozi hukusanya watoto siku moja, na mama aliyefika siku nyingine huambiwa arudi. Kwa maoni yangu, bora kumwaga dozi 9 kuliko kumrudisha mtoto mmoja. Surua ni ugonjwa mwepesi mno kuambukiza. Ili kuuzuia, watoto 95 kati ya 100 wanahitaji kinga.

Huduma ya mkoba, yaani ya wahudumu kutoka na chanjo nje ya zahanati, inasaidia ikifuata watu waliko: Desemba iwafikie walio kambi za mashamba, kiangazi iende minadani wanakokutana wafugaji. Na mama akija Februari na mtoto wa miezi 11, apokewe. Dozi za mwanzo bado zinahesabika. Mtoto huendelea pale alipoishia.