Wingu halitabiri: usikosee ukitafsiri kwa Kiingereza

Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia kwenye mashamba na makazi ya watu Rufiji na Kibiti. Kwa wakazi wa Ikwiriri na vijiji vya bondeni, neno "utabiri" si la mchezo. Likisikika redioni, mtu anaanza kufikiria mpunga wake na pa kuhamia.

Sasa jaribu kulipeleka kwenye Kiingereza. Wengi huandika "predict", kazi imeisha. Hapana, tulia kidogo.

Wingu zito halitabiri, linaashiria mvua. Kiingereza chake ni "portend", au kwa lugha nyepesi "is a sign of". Kihispania wana kitenzi "augurar" kinachobeba vyote: wingu, mtu, hata kumtakia mwenzako heri. Sisi tumevitenganisha.

Anayetabiri ni mtu. Ila mtu gani? Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na huko linahusu kufasiri ndoto. Leo tunampa mpiga ramli, halafu tunaipa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) hilo hilo. Kiingereza hakifanyi hivyo. TMA wanapima, kwa hiyo ni "forecast". Mpiga ramli ni "foretell" au "divine". Ukiandika TMA "has foretold floods", umewageuza wataalamu kuwa wapiga bao, na anayesoma taarifa yako ili atume msaada anaweza kuipuuza.

Na kubashiri? Asili yake ni habari njema, bishara. Siku hizi vijana wamelihamishia kwenye mikeka ya mechi, kwa hiyo hapo ni "bet" tu, usijisumbue.

Gumu kuliko yote ni kuagua, maana ni kutazama yaliyofichika na kutibu kwa pamoja. Mfano upo humu humu Rufiji: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Walimnyonga Mohoro, Agosti 1905. Vitabu vingi vya Kiingereza vinamwita "prophet". Lakini ukilirudisha neno hilo Ikwiriri linakuwa nabii, na hapa nabii ni Mussa, ni Muhammad. Wazee watakushangaa. Kinjikitile alikuwa mganga. Mimi ningeandika "diviner and healer", maneno mawili, hata kama mhariri atalalamika kwamba sentensi imekuwa ndefu.