Sikukuu milimani: Mtoto mwenye mahitaji maalumu naye afurahi

Desemba ikikaribia mwisho, mabasi ya Moshi na Arusha hushusha Wapare kwa wingi Same mjini, Makanya na Hedaru. Hapo wanahamia kwenye magari ya milimani na kupanda kona baada ya kona kwenda Mbaga, Vudee, Chome au Mamba. Juu huko mahindi na maharage ya makande yamekwisha kulowekwa, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, na vijana wanafunga spika.

Kwa mtoto mwenye usonji, kifafa au mtindio wa ubongo, siku ya sherehe huweza kugeuka mateso. Ukoo huona kuwa mtoto ndiye aliyeharibu sherehe. Mara nyingi ni kinyume chake: sherehe haikumwandalia nafasi, na kuandaa nafasi hiyo hakuhitaji fedha nyingi.

Kelele zisizochujwa

Ubongo hupokea sauti, harufu na miguso mingi kwa wakati mmoja, kisha huweka kando yale yasiyo na maana. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kupiga soga muziki ukiendelea. Kwa watoto wengi wenye usonji uchujaji huo hufanya kazi tofauti. Spika, mlio wa mbuzi anayechinjwa, moshi wa kuni na sweta jipya linalowasha shingo vyote huwavamia kwa pamoja. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliongeza hali hiyo rasmi kwenye vigezo vya kutambua usonji.

Mtoto akiziba masikio, akapiga mayowe na kujitupa chini, hadeki. Amezidiwa. Kumfokea au kumchapa ni kumwongezea kelele nyingine. Mtoe nje ya zogo, punguza maneno, kaa naye mpaka atulie.

Kinga ni bora zaidi. Siku kadhaa kabla ya safari mwonyeshe kwenye simu picha za bibi, nyumba na gari mtakalopanda. Fikeni kabla umati haujajaa. Ombeni chumba kimoja kisiwekwe wageni wala redio, awe na pa kukimbilia. Mbuzi achinjwe yeye akiwa mbali.

Shikamoo isiyosikika

Marekani watoto hupita nyumba kwa nyumba usiku wa Oktoba 31, sikukuu ya Halloween, wakiomba peremende kwa maneno maalumu. Baadhi ya wazazi huko humpa mtoto mwenye usonji ndoo ya bluu, ili jirani aelewe na asimlazimishe kusema.

Upareni mtihani wa namna hiyo ni shikamoo. Mtoto asiyeamkia wakubwa huambiwa hana adabu, na mama yake husemwa jikoni. Ufumbuzi upo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, palepale mnapochangishana fedha za mbuzi. Andika mapema: “Shangazi, wajomba, shikamooni. Mwanetu haongei, atawapungia mkono. Hiyo ndiyo shikamoo yake. Tafadhali msimkumbatie ghafla.” Babu akiipokea salamu hiyo mbele ya watu, mjadala umekwisha.

Mkesha na dawa

Kwa mwenye kifafa, hatari kubwa ni kukosa usingizi na kuruka dozi, mambo mawili yanayotokea kirahisi usiku wa mkesha. Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari, na zitoshe mpaka siku ya kurudi. Kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege kali. Taa za kumetameta huwasumbua wachache, takriban watu 3 kati ya 100 wenye kifafa, lakini tatizo hilo huwapata zaidi watoto na vijana.

Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Degedege ikizidi dakika 5, mpelekeni hospitali mara moja. Kwa hiyo, kabla ya sherehe, jueni ni gari gani litakaloweza kushuka usiku.

Makande yapondwe

Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hupata shida kutafuna na kumeza. Punje ya hindi au kipande cha nyama huweza kuingia njia ya hewa, wakapaliwa au wakapata nimonia. Makande ya mtoto huyo yapikwe mpaka yalainike kabisa, kisha yapondwe. Aketishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, alishwe taratibu kwa kijiko kidogo. Kumlisha akiwa amelala chali ni hatari. Mbali na chakula, mlipuko wa fataki pia huweza kumshtua na kuukakamaza mwili wake.

Mtoto kiziwi naye asisahaulike: giza likiingia, haoni tena ishara za mikono wala midomo ya wasemaji. Mketisheni penye taa, mkabala na wenzake.

Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu dawa au ulishaji aulize Hospitali ya Wilaya ya Same au Hospitali ya KCMC, Moshi, kabla ya kufunga safari. Wenyeji nao wana jukumu lao: watakapopanga nani analeta mchele na nani ananunua soda, wapange pia nani atakaa na mtoto huyo kwa zamu. Mama yake naye amekuja sikukuu.