Saa 168 za Muuguzi wa Kijijini

Katika kata kama Busi, wilayani Kondoa, muuguzi wa zahanati hafungi kazi jioni. Mjamzito akishikwa uchungu saa nane usiku, hodi inapigwa nyumbani kwa muuguzi huyo. Kukicha, foleni ya kliniki ya watoto inamngoja yeye yuleyule.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi isizidi saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa 12 mfululizo za mapumziko kila siku. Pale wauguzi wanapokuwa wawili, mmoja akaenda likizo, nani atampa mwenzake hizo saa 12?

Uchovu wa kazi hiyo hauishii kwa muuguzi. Mama akiwa katika uchungu mkali, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa na kujazwa kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi. Aliyekesha jana anajua kazi hiyo vizuri sana, ila macho humfumbika, kipimo kimoja kikapita, na dalili ya mtoto kuchoka haionekani mapema. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake, waliochunguza hospitali za Pennsylvania, Marekani, walionyesha kuwa kila mgonjwa mmoja wa upasuaji anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30, na asilimia 23 katika uwezekano wa muuguzi kuchoshwa na kazi.

Lakini uchovu hautokani na uchache wa watu pekee. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Jerald Greenberg, wa mwaka 2006. Wauguzi waliopunguziwa malipo walianza kukosa usingizi. Lakini pale ambapo wasimamizi walikuwa wamefundishwa kueleza sababu na kuzungumza nao kwa heshima, tatizo lilikuwa dogo zaidi. Fedha zilipungua vilevile. Kilichotofautiana ni namna walivyotendewa.

Hapa kwetu manung'uniko yanajulikana: posho ya kuitwa kazini inayochelewa bila neno, semina anazokwenda mtu mmoja kila mara, maombi ya uhamisho yasiyojibiwa. Mganga mfawidhi hana uwezo wa kuongeza mshahara, lakini anaweza kubandika zamu ukutani mapema, kuzungusha nafasi za semina, na kusema wazi posho imekwama wapi. Hayo yafanyike wiki hii.

Hata hivyo, maneno mazuri hayazai saa. Kituo kinachozalisha usiku na mchana kina saa 168 kwa wiki. Wauguzi wawili wa saa 45 wanaziba 90, watatu 135. Wanne wanafika 180, na hapo ni muuguzi mmoja tu kwa kila zamu, kabla ya kutoa likizo, maradhi na uzazi wa wauguzi wenyewe. Halmashauri inapopanga ikama ya vijijini, ianzie kwenye hesabu hiyo.