Tambi za Nyanya na Maziwa: Chakula cha Jioni kwa Mama Aliyechoka

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tunaingia jikoni. Kama una kalamu, ichukue, kwa maana kuna vipimo vya kuandika.

Kwanza nikupe kisa. Mama mmoja alileta mtoto wake kliniki, mvulana wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Nilipoweka alama ya kilo kwenye kijitabu chake, nikaona mstari umelala. Miezi miwili, kilo zile zile. Nikamwuliza, "Mama, mtoto hula nini jioni?" Akainamisha kichwa. Akasema, "Sista, mimi hufika nyumbani saa moja na nusu usiku. Mtoto ana usingizi, mimi nimechoka. Humpa chai na mkate, tunalala."

Nikamwuliza anafanya kazi gani. Akaniambia ni mfanyakazi wa nyumbani, na mojawapo ya kazi zake ni kupikia watoto wa mwajiri wake. Huwapikia nini? "Tambi za Kiitaliano, zile za nyanya na krimu. Wanazipenda sana. Hata nusu saa haziishi jikoni." Tukatazamana. Mama huyu alikuwa na jibu mikononi mwake kila siku, ila aliamini kwamba hicho ni chakula cha watu wengine.

Basi mapishi ya leo ni yake. Mimi nimebadilisha vitu vichache tu ili yafae mfuko wetu na watoto wetu wadogo.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Tambi hizi, tunazoziita pia spageti au makaroni kulingana na umbo lake, ni chakula cha kila siku kule Italia. Hutengenezwa kwa ngano ngumu na maji. Nyanya nayo (nasema nyanya ya sokoni, si nyanya mzaa mama!) asili yake ni bara la Amerika, na ilifika Ulaya katika karne ya 16. Mpishi Antonio Latini aliandika maelezo ya mchuzi wa nyanya katika kitabu kilichochapishwa Naples miaka ya 1690. Siku hizi Waitalia wengi huona mchuzi wa nyanya kama sisi tunavyoona sukuma wiki: hauna makuu, hupikwa haraka, na watoto huujua tangu wadogo.

Hata hapa kwetu si chakula kigeni sana. Ndugu zetu Wasomali wa Garissa na Eastleigh hukiita baasto, desturi iliyotokana na Waitalia kutawala Somalia, na wao hukila pamoja na ndizi mbivu. Watu wa Pwani nao wana tambi zao za sukari, hasa mwezi wa Ramadhani. Kwa hiyo usiogope jina.

KWA NINI NAKIPENDEKEZA?

Tambi humpa mtoto nguvu. Maziwa na maharagwe humpa vyakula vya kujenga mwili. Nyanya, karoti na mboga za majani humkinga. Mafuta kidogo husaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo katika karoti na mboga. Aidha, chakula ni laini, ni rangi nyekundu ya kupendeza, na mtoto mwenye meno manne anaweza kukila kikipondwa.

Lakini nisikilize vizuri: tambi peke yake na mchuzi mwepesi ni sawa na ugali na supu tupu. Tumbo hujaa, mwili haujengeki. Kile unachotia ndani ya mchuzi ndicho kinachopandisha ule mstari kwenye kijitabu.

UNAHITAJI NINI?

Vipimo hivi vinatosha watu wazima wawili na watoto watatu:

- Pakiti moja ya tambi au makaroni, gramu 400
- Nyanya 8 zilizoiva vizuri
- Vitunguu 2 na punje 3 za kitunguu saumu
- Karoti 1 kubwa, iliyokwaruzwa
- Vijiko 3 vya mezani vya mafuta ya kupikia
- Vikombe 2 vya maharagwe yaliyochemshwa siku hiyo hiyo yakaiva laini
- Fungu moja la mchicha, terere au spinachi
- Kikombe kimoja na nusu cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa
- Kijiko 1 cha mezani cha unga wa ngano
- Nusu kijiko cha chai cha chumvi yenye madini ya ayodini
- Dania, au majani ya mrihani ukiyapata. Mrihani ndio Waitalia hupenda.

Huna maharagwe? Tumia mayai 4 ya kuchemsha, nyama ya kusaga, au omena iliyosafishwa, ikakaangwa na kusagwa ikawa unga. Omena ya kusaga haionekani kwenye mchuzi huu mzito, na mtoto anayekataa samaki hula bila kujua.

Maziwa yawe yamechemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta bruselosi na hata kifua kikuu.

NAMNA YA KUPIKA

Hatua ya kwanza. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mnawishe na mtoto. Kama una meko mawili, injika lita 3 za maji kwenye moja, ufunike. Kama una jiko moja tu, pika mchuzi kwanza, uuweke kando umefunikwa, kisha uchemshe tambi.

Hatua ya pili. Pasha mafuta, tia vitunguu, ukaange kwa moto wa wastani dakika 5 hivi mpaka vilainike. Visiungue. Tia kitunguu saumu, geuza dakika moja. Tia karoti. Karoti ina utamu wake, itapunguza ukali wa nyanya, kwa hiyo huna haja ya kuongeza sukari.

Hatua ya tatu. Tia nyanya ulizokatakata. Funika dakika 10 zilainike, kisha funua, uziponde kwa mwiko mpaka mchuzi uwe mzito. Hapa usiwe na haraka. Nyanya isiyoiva vizuri ndiyo inayoharibu hatua inayofuata.

Hatua ya nne. Tia maharagwe, uponde nusu yake. Tia mboga ulizooshwa na kukatwa ndogo. Zipe dakika 3 au 4 tu.

Hatua ya tano ni maziwa, na hapa nataka uniangalie kwa makini. Mara ya kwanza nilipojaribu nyumbani kwangu nilimimina maziwa baridi kwenye nyanya zinazotokota. Yakakatika! Mchuzi ukawa na vibonge vyeupe, na binti yangu akauliza kama hiyo ni dawa. Sababu ni hii: nyanya ina asidi. Asidi ikikutana na maziwa juu ya moto mkali, protini ya maziwa hushikana mabonge, kama vile unapotia ndimu kwenye maziwa. Krimu ya Waitalia ina mafuta mengi, kwa hiyo haikatiki upesi. Sisi tunaotumia maziwa ya kawaida tunasaidiwa na unga, kwa sababu wanga wake huzuia protini isishikane.

Fanya hivi. Koroga unga na maziwa kidogo baridi mpaka kusiwe na bonge, kisha ongeza maziwa yaliyobaki. Epua sufuria ya mchuzi. Chota vijiko vichache vya mchuzi moto, uchanganye na maziwa ili yapate joto. Sasa mimina maziwa kwenye sufuria polepole huku ukikoroga. Rudisha kwenye moto mdogo dakika 4 mpaka mchuzi ushikane na unga uive. Usiache utokote kwa nguvu. Na yakikatika hata hivyo, usimwage. Sura imeharibika, lakini chakula ni kizuri.

Hatua ya sita. Maji yakichemka sana, tia tambi bila chumvi, uzikoroge mara moja zisishikane. Soma muda kwenye pakiti. Nyingi huiva kwa dakika 8 hadi 12. Waitalia hupenda tambi zenye ugumu kidogo katikati. Mtu mzima anaweza kula hivyo, lakini za mtoto mdogo ziongeze dakika chache zilainike.

Kabla ya kumwaga maji, chota kikombe kimoja uweke. Siri hii nilifundishwa na yule mama. Maji hayo yana wanga wa tambi. Ukiongeza kidogo kwenye mchuzi, unalainika na kushika tambi vizuri bila kuwa na umajimaji.

Hatua ya saba. Changanya tambi na mchuzi. Toa kwanza sehemu ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Hiyo haitiwi chumvi. Ndipo utie chumvi na dania kwenye iliyobaki.

Ukiwa na meko mawili, kazi yote ni kama nusu saa. Kwa jiko moja, hesabu dakika 45.

MTOTO ALE KIASI GANI?

Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi chakula hiki wala kingine. Yeye ni maziwa ya mama pekee.

Miezi 6 hadi 8: anza na vijiko 2 au 3 vilivyopondwa laini, uongeze polepole mpaka nusu kikombe cha mililita 250. Ikiwa ni mara yake ya kwanza kula ngano au maziwa ya ng'ombe, mpe kidogo umtazame. Akivimba uso, akitoka vipele au akitapika, acha umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, mkimbize mara moja.

Miezi 9 hadi 11: nusu kikombe, kimepondwa kidogo.

Mwaka mmoja hadi miwili: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, tambi zikatwe fupi.

Mpe sahani yake mwenyewe ili ujue amekula kiasi gani. Aketi wima, na umkalie karibu. Usimlishe akiwa amelala au anakimbia, asije akapaliwa. Usimlazimishe; zungumza naye, mpe muda. Na umnyonyeshe mpaka afikishe miaka miwili na zaidi.

MASWALI AMBAYO AKINA MAMA HUNIULIZA

Je, nimpe chai kando ya chakula? Hapana. Majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, na upungufu wa chuma huleta ukosefu wa damu. Mpe maji safi, na kipande cha chungwa, pera au papai. Vitamini C ya matunda husaidia chuma kuingia mwilini.

Je, kiporo kinaweza kuliwa asubuhi? Kama una friji, kiingize ndani ya saa mbili, na kesho ukipashe moto mpaka kitoe mvuke kote. Kama huna friji, pika kiasi cha kuisha usiku huo. Tambi na wali vikilala nje vinaweza kuota vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu nyingine haiondoki hata ukichemsha. Kuharisha kwa usiku mmoja kunaweza kuondoa kilo uliyohangaika mwezi mzima kuipata.

Je, chakula hiki kitamponya mtoto aliyekonda? Mama, hapa sitaki kukudanganya. Chakula hiki si dawa. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake, ukipimwa kwa ule utepe wa rangi, uko chini ya sentimita 11.5, au aliyevimba miguu yote miwili, anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Akiwa kati ya 11.5 na 12.5, yaani rangi ya manjano, mlete kliniki tumpangie lishe. Usingoje siku ya chanjo.

KABLA HATUJAAGANA

Utauliza, yule mtoto je? Mama yake alianza kupika hivi mara mbili au tatu kwa juma, siku nyingine ugali na mboga na yai. Pia alizungumza na jirani anayemshika mtoto mchana, wakakubaliana awe akimpa uji wa maziwa saa nne na chakula saa saba. Mwezi uliofuata mstari uliinuka kidogo. Wa pili, ukainuka tena. Si tambi peke yake zilizofanya kazi hiyo. Ni kwamba mtoto aliacha kulala na chai.

Siku ile mama aliniambia neno ambalo mimi hubeba kila ninapotembelea nyumba: "Sista, kumbe mikono yangu inajua." Na yako pia inajua, mama. Leo jioni kabla ya kuinjika chai, jiulize: mtoto wangu atalala na nini tumboni?

Chukua kijitabu cha mtoto, tazama mstari wake. Kama umelala, njoo tuzungumze, hakuna atakayekugombeza.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda. Kwaheri.