Kinywa Kikavu kwa Mgonjwa wa Maltipo Sklerosisi

Miongoni mwa madhila yampatayo mtu aishiye na maradhi ya maltipo sklerosisi, ukavu wa kinywa hutajwa kwa nadra. Kwani mgonjwa aliyekwisha kulemewa na miguu isiyomtii, macho yenye ukungu na kibofu kisichoshika mkojo, huona haya kumwambia tabibu kwamba ulimi wake umegandamana na kaakaa. Naona ni wajibu kulieleza jambo hili kwa wasaa, hasa kwa ndugu zetu wa mwambao wa Kilwa na Lindi, ambako joto la kaskazi peke yake latosha kumkausha hata mwenye siha njema.

Maradhi yenyewe yalibainishwa mwaka 1868 na tabibu Mfaransa, Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Kinga ya mwili hugeuka ikaushambulia utando wa mafuta uzivikao nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, hata habari zipitazo humo zikachelewa au zikakatika. Mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu takriban milioni 2.8 duniani, nayo huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na Ikweta. Lakini uhaba wake huku kwetu usitughuri, maana ni vigumu kuyathibitisha pasipo kipimo cha MRI na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, na kwa miaka mingi mtu wa Kivinje au Mchinga amelazimika kusafiri hata Muhimbili, Dar es Salaam, ndipo apate kulijua jina la kinachomsumbua.

Wengi hudhani kwamba ni maradhi hayo yanayokausha kinywa. Kwa baadhi yaweza kuwa hivyo, ila mara nyingi asili yake ni dawa: oksibutinini itulizayo kibofu, amitriptilini ya maumivu ya neva, tizanidini au baklofeni zilegezazo misuli iliyokakamaa. Amri ya kukibana kibofu na amri ya kuzifanya tezi za kinywani zitoe mate zote hupita kwa kemikali moja, asetilikolini. Basi oksibutinini, iizuiapo kemikali hiyo kibofuni, huizuia na kinywani, kama jarife lililotegwa kwa nguru linavyomnasa na kasa.

Hapo huingia sababu ya pili, inayonihuzunisha zaidi kwa kuwa mgonjwa huitenda kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kuogopa kuaibika ndani ya basi au msikitini, huacha kunywa maji. Mkojo ukawa mzito na mkali, ukakichokoza kibofu kile kile alichotaka kukituliza, na vijidudu vikapata makazi. Ikija homa, udhaifu wa miguu na macho huzidi, kwani tangu mwaka 1890 tabibu Mjerumani Wilhelm Uhthoff alikwisha kuona macho ya wagonjwa yakififia kwa muda baada ya kujichosha, na baadaye ikajulikana kwamba joto la mwili likipanda, dalili za maradhi haya huongezeka kwa muda.

Mate nayo si maji matupu. Mtu mzima hutoa baina ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake mna madini yanayoyaimarisha meno na chumvi zinazopunguza ukali wa asidi. Yakipungua, meno huoza upesi, hasa karibu na ufizi, na ukungu mweupe wa kandida hutanda juu ya ulimi.

Basi mgonjwa na anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, wala asiyafakamie kwa mkupuo, akipunguza saa chache kabla ya kulala. Mchuzi wa nazi, uji na samaki wa kuchemsha humezwa kwa wepesi kuliko muhogo wa kuchoma. Bablishi isiyo na sukari huyaita mate, lakini apaliwaye mara kwa mara asiitumie kabla ya kuonana na tabibu. Embe mbichi kwa chumvi na pilipili, ndimu, na chai yenye sukari tele inywewayo saa zote, huyamaliza meno yaliyokosa mate. Tambuu, aliyoizoea mzee wa pwani, naikanya waziwazi, kwa kuwa popoo iliyomo ndani yake imethibitika kusababisha saratani ya kinywa. Apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi.

Kuhusu Ramadhani, sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na mwenye maradhi haya azungumze na tabibu wake pamoja na shehe wake kabla mwezi haujaandama, wala asijipangie mwenyewe saa za dawa. Dawa zenyewe asiziache kwa ghafla asilani, na baklofeni hasa, ambayo kuikatiza kwaweza kuleta degedege. Tabibu anaweza kupunguza kipimo au kumbadilishia nyingine. Na ikiwa kiu inaambatana na kukojoa mno na kukonda, aende hospitali ya Kinyonga huko Kilwa, ya Sokoine huko Lindi, au kituo kilicho karibu naye apimwe sukari, maana kisukari nacho hukausha kinywa, na mtu mmoja aweza kuwa nayo maradhi yote mawili.