Mwamba Ngoma na Ngozi: Taasisi Zinapojiandikia Habari Zake katika Kamusi Elezo

Tangu kale binadamu ametamani kukusanya maarifa yote mahali pamoja, ili kila atafutaye aone. Kazi hiyo hufanywa na kamusi elezo, ambayo haifafanui maana za maneno tu, bali hueleza vitu, mahali, watu na matukio. Zamani kamusi elezo zilitungwa na mabingwa walioteuliwa, zikapigwa chapa katika majalada mazito ambayo shule chache ziliweza kuyanunua. Siku hizi mwanafunzi wa sekondari huko Mchukwi, katika Wilaya ya Kibiti, aweza kusoma makala za namna hiyo kwa simu ya mkononi. Hata hivyo, tofauti iliyo kubwa zaidi haimo katika chombo cha kusomea, bali imo katika mwandishi. Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001, huandikwa na yeyote apendaye. Nayo ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003.

Uhuru huo umeleta swali ambalo walimu na wanafunzi hawana budi kulifikiri kwa makini. Je, yafaa shirika, kampuni, shule au ofisi iandike makala inayoihusu yenyewe? Wahenga walikwisha kulijibu kwa njia yao waliposema kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Lakini methali huitaja tabia tu. Haituonyeshi jinsi ya kuipima, wala jinsi ya kujikinga nayo. Hapo ndipo kazi ya sayansi inapoanza.

MAANA YA MGONGANO WA MASLAHI

Mgongano wa maslahi hutokea pale mtu aliyekabidhiwa kazi ya kutoa habari au uamuzi wa haki anapokuwa pia na faida inayotegemea habari hiyo ielekee upande fulani. Yafaa ikumbukwe kwamba mgongano huo peke yake si uongo wala si kosa. Ni hali ambayo mtu hujikuta ndani yake. Hakimu ambaye ndugu yake ameshtakiwa yumo katika mgongano wa maslahi hata kabla hajafungua kinywa, na hata kama ni mwadilifu kupita mahakimu wote. Hatakiwi ajitoe kwa sababu ni mwongo, bali kwa sababu hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, awezaye kuhakikisha kwamba moyo wake haukuelemea upande mmoja.

Mwanafunzi wa fizikia atalielewa jambo hili kwa urahisi akikumbuka aina mbili za makosa ya upimaji. Aina ya kwanza ni kosa la kubahatisha. Wanafunzi 30 wakipima urefu wa meza moja, baadhi watazidisha kidogo na wengine watapunguza kidogo. Wakitafuta wastani, makosa hayo hupunguzana, na jibu hukaribia ukweli. Aina ya pili ni kosa la mwelekeo. Iwapo rula yenyewe imekatwa sentimita 1 mwanzoni, wanafunzi wote 30 watakosea upande ule ule, na hata wakipima mara 1,000 wastani wao utabaki na kosa lile lile.

Kamusi elezo iliyo wazi kwa wote hutegemea kanuni ya wastani. Mmoja hukosea tarehe, mwingine huisahihisha. Mmoja husifu mno, mwingine hupunguza. Lakini taasisi inapojiandikia habari zake, makosa yake aghalabu huwa ya mwelekeo: sifa huongezwa, lawama hufutwa. Kosa la namna hiyo haliponi kwa kurudia upimaji. Huponywa kwa kuleta rula nyingine, yaani mwandishi na ushahidi kutoka nje.

MIFANO ILIYOFICHULIWA

Jambo hili si la kudhania. Katika mwaka 2005 Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, aliihariri makala inayomhusu yeye mwenyewe, hasa mahali palipoeleza ni nani aliyeianzisha kamusi hiyo. Badiliko hilo lilionekana, na baadaye akakiri hadharani kwamba halikuwa jambo la kupendeza. Ikiwa mwenye nyumba alijikwaa hivyo, mgeni atasalimikaje?

Mapema mwaka 2006 gazeti moja la jimbo la Massachusetts, Marekani, lilieleza jinsi watumishi wa ofisi ya mbunge Marty Meehan walivyoiondoa katika makala yake habari ya ahadi aliyokuwa ameitoa, kwamba angekaa bungeni kwa vipindi vinne tu. Ahadi ilikuwa ya kweli, nayo haikutimizwa. Kilichofutwa hakikuwa uongo, bali ukweli usiopendeza.

Mwaka 2007 Virgil Griffith, aliyekuwa mwanafunzi wa shahada ya juu nchini humo, alitunga programu iliyoitwa WikiScanner. Wakati huo, mtu aliyeihariri Wikipedia bila kujiandikisha aliacha nambari ya anwani ya mtandao aliotumia. Griffith alizilinganisha anwani za mabadiliko zaidi ya milioni 34 na orodha za wenye anwani hizo. Ndipo ilipobainika kwamba mabadiliko mengi yalitoka katika majengo ya wanaohusika. Kwa mfano, aya zilizokosoa mashine za kupigia kura za kampuni ya Diebold zilikuwa zimefutwa mwaka 2005 kutoka katika anwani ya kampuni hiyo hiyo. Griffith hakuhitaji kuingia katika siri za mtu yeyote. Alichukua orodha zilizokuwapo tayari, akaziweka pamoja, naye akaona kile ambacho kila moja peke yake haikuweza kukionyesha.

Mwaka 2013 ilionekana kwamba uandishi wa namna hii ulikuwa umegeuka biashara kamili: Wikipedia ilizifungia akaunti zaidi ya 200 zilizohusishwa na uandishi wa kulipwa uliofichwa. Kutokana na mambo hayo, mwezi Juni 2014 masharti ya matumizi yalibadilishwa, ikawa lazima kwa kila anayelipwa kuhariri ataje nani anamlipa. Tena, mwenye maslahi hushauriwa asiibadilishe makala kwa mkono wake, bali apeleke pendekezo katika ukurasa wa majadiliano, pamoja na ushahidi, ili mwingine alipime.

FUNZO KUTOKA DELTA YA RUFIJI

Wakazi wa Kibiti na Rufiji hawahitaji kwenda Marekani kulijua jambo hili. Delta ya Mto Rufiji ina misitu ya mikoko ya takriban hekta 50,000, ambayo ni mikubwa kuliko mingine yoyote ya pwani ya Afrika Mashariki. Samaki na kamba huzaliana katika maji yake, na watu wake huishi kwa uvuvi na kilimo cha mpunga. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilikusudia kuanzisha huko shamba la kufugia kamba, katika eneo la karibu hekta 10,000. Lingejengwa, lingekuwa miongoni mwa mashamba makubwa kabisa ya aina yake duniani.

Tathmini ya athari za mradi kwa mazingira ilitayarishwa na wataalamu walioajiriwa na kampuni yenyewe, kama ilivyo desturi katika nchi nyingi. Basi delta ilielezwa kwanza na yule aliyetaka kuitumia. Lakini maelezo hayo hayakuachwa peke yake. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, liliipitia ripoti na kushauri kwamba mradi usikubaliwe. Ingawa Serikali iliukubali mwaka 1997, mjadala uliendelea. Baadhi ya wakazi wa delta walipeleka shauri Mahakama Kuu, na mwishowe shamba hilo halikujengwa. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka huo huo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilipitishwa. Chini yake mwenye mradi hulipia tathmini, lakini baraza huikagua, na wananchi hupewa nafasi ya kusema.

Kanuni iliyomo ni ile ile. Mwenye maslahi hanyimwi kalamu, kwa kuwa anajua mambo mengi ambayo wengine hawayajui. Hunyimwa jambo moja tu: kuwa mwandishi na mkaguzi kwa wakati mmoja.

ANAYEJUA ZAIDI NA ASICHOKIONA

Wengine hudhani kwamba taasisi iliyo nyoofu haina cha kuogopa. Mfano wa takwimu za afya waonyesha vinginevyo. Hospitali yoyote, kama ile ya misheni iliyopo Mchukwi, huwa na daftari la wagonjwa wake. Hata daftari likiandikwa kwa uaminifu mkubwa, huonyesha waliofika tu. Aliyeugua na kufia nyumbani, kwa kukosa nauli au mtumbwi, hayumo. Kwa sababu hiyo ulianzishwa wilayani Rufiji, mwaka 1998, mpango wa kufuatilia afya na idadi ya watu, ambao wahoji wake walizitembelea kaya za eneo la utafiti mara tatu kwa mwaka, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki popote pale. Hesabu ya namna hiyo hailitii daftari la hospitali aibu, hulikamilisha. Vivyo hivyo taasisi inayojieleza huweza kusema kweli tupu, na bado picha yake ikawa nusu.

MAKALA FUPI NA WAANDISHI WACHACHE

Kwa upande wa Kiswahili tatizo lina sura ya pekee. Katika Wikipedia ya Kiswahili makala nyingi za kata za Tanzania zina mistari michache tu: jina la wilaya, mkoa, na idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Wanaoweza kuzijaza makala hizo ni wenyeji, na hasa walimu. Iwapo kila mwenye uhusiano na mahali atakatazwa kuandika, habari za Mchukwi zitaandikwa na wasioijua, au hazitaandikwa kabisa. Tena, wahariri wa Kiswahili wakiwa wachache kuliko wa Kiingereza, sifa zilizotiwa chumvi zaweza kukaa muda mrefu pasipo kuguswa.

Hapana budi basi kutofautisha. Mwalimu akisahihisha jina la shule yake lililokosewa, au mwaka wa kufunguliwa kwake kwa kutaja hati iliyochapishwa, amefanya kazi njema. Akiandika kwamba shule hiyo ni bora kuliko zote mkoani, au akifuta habari za matokeo mabaya ya mtihani, ameivuta ngozi kwake. Jambo la kwanza laweza kuthibitishwa na mgeni. La pili lategemea kuaminiwa kwa msemaji.

ZOEZI KWA AJILI YA MADARASA

Walimu waweza kulifundisha somo hili bila vifaa vya gharama. Kila makala ya Wikipedia ina historia ya mabadiliko, inayoonyesha yaliyoongezwa na yaliyofutwa. Wanafunzi wachague makala ya kampuni au taasisi moja, kisha wajiulize maswali manne. Je, ushahidi uliotajwa watoka kwa taasisi yenyewe, au kwa watu wa nje? Maneno ya sifa yana kipimo, au ni sifa tupu? Ni habari gani iliwahi kuwamo, ikaondolewa, na je, sababu ilitolewa? Na mwisho: nani angefaidika kama msomaji angeyaamini yote yaliyomo?

Pasipo simu wala umeme zoezi lafanyika pia. Darasa ligawanywe makundi mawili, kila kundi liandike aya moja kuhusu shule yake na aya moja kuhusu shule ya jirani. Kisha aya zilinganishwe, na maneno ya sifa yahesabiwe. Tofauti itakayoonekana haitakuwa ushahidi kwamba wanafunzi ni waongo. Itakuwa kipimo cha nguvu ya ule mvuto ambao kila mwamba ngoma anao mikononi mwake, na mwanafunzi aliyekwisha kuupima kwake mwenyewe atautambua upesi zaidi katika maandishi ya wengine.